Kuendesha maktaba ya kata katika Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili wa programu, vitabu vipya na mapendekezo ya usomaji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa funguo za chumba chenye vitabu: mwalimu mstaafu wa Uyole aliyeombwa na kata asimamie maktaba mpya, kijana wa Mafinga aliyepewa rafu tatu za vitabu vya msaada katika ukumbi wa kanisa, au msaidizi wa maktaba ambaye mkutubi wake amehamishwa na mwingine hajaletwa. Mkutubi aliyesomea kazi hii atakuta humu mambo mengi anayoyajua, ila huenda mpangilio wa hatua ukamfaa.

Maktaba nyingi ndogo hudhoofika kwa namna inayofanana. Hufunguliwa kwa sherehe, hupokea vitabu, wanafunzi huja kusomea madaftari yao kwa sababu kuna meza na taa, na baada ya miaka michache vitabu huwa vimebaki vilevile rafuni huku wasimamizi wakilalamika kwamba watu hawapendi kusoma. Lalamiko hilo naliona si la haki. Mkulima wa Ilula ambaye nyanya zake zinamalizwa na mdudu aitwaye kantangaze atasoma kurasa arobaini kwa kikao kimoja ikiwa kurasa hizo zinahusu kantangaze. Tatizo ni kwamba alikuja, akauliza, akakosa, akaondoka, na hakuna aliyeandika popote kwamba alikuja. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza haihusu vitabu.

Hatua ya kwanza: fungua daftari la waliokosa

Nunua kauntabuku moja nene na uiweke mezani mahali anapokaa mhudumu. Ichore safu tano: tarehe, swali la msomaji kwa maneno yake mwenyewe, aina ya msomaji, kama vile mwanafunzi, mkulima, mfanyabiashara au mzazi, alichopewa, na kama aliondoka ameridhika. Jina lisiandikwe. Kila anayeingia akiuliza jambo na asipate jibu la kumtosha, swali lake linaandikwa siku hiyohiyo, kabla ya mhudumu kufunga mlango.

Maneno ya msomaji mwenyewe ndiyo yenye thamani hapa. Mhudumu mvivu ataandika «kilimo», na neno hilo halitamsaidia mtu yeyote kuchagua kitabu. Akiandika «viazi vyangu vinanyauka shambani ingawa mvua ipo», mnunuzi wa vitabu atajua kwamba kinachotafutwa ni maelezo ya mnyauko wa viazi mviringo, atajua ni mkulima wa nyanda za baridi, na atajua kwamba kitabu cha jumla kuhusu kilimo bora hakitamfaa. Vivyo hivyo, «sheria» ni neno pana mno, ilhali «baba amefariki, shamba liko kwa jina lake, sisi watoto tufanye nini» ni swali la mirathi lenye mahali pake rafuni.

Daftari hilo lina upungufu mmoja: linaandika maswali ya waliokwisha kuingia tu. Wengi hawaingii kabisa, hivyo katika miezi mitatu ya mwanzo tenga nusu siku kila wiki uwafuate waliko, sokoni Mwanjelwa, kliniki ya mama na mtoto, kijiwe cha bodaboda, mnada wa ng'ombe, ofisi ya kijiji. Ukishasalimia ipasavyo, usiulize mtu angependa kusoma vitabu gani, kwa kuwa kwa adabu atakujibu «vyovyote tu» na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Uliza ni jambo gani alitaka kulijua hivi karibuni akakosa wa kumuuliza. Majibu ya swali hilo huwa marefu, na yote huingia daftarini.

Mwisho wa kila mwezi soma daftari lote kwa kalamu mkononi. Swali lililojitokeza mara tatu au zaidi lihamishie ukurasa wa nyuma wenye kichwa «Ya kutafutiwa». Ukurasa huo ndio utakaoamua vitabu vipi vinunuliwe, programu zipi ziandaliwe na orodha zipi za usomaji zitangazwe. Hatua nyingine zote za mwongozo huu zinautegemea.

Hatua ya pili: taratibu na chumba

Huduma za maktaba za umma nchini husimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1963 na kuundwa upya kwa sheria ya 1975. Kazi zake ni pamoja na kutoa ushauri wa kitaalamu kwa shule, halmashauri na taasisi zinazotaka kuanzisha maktaba, kwa hiyo safari yako ya kwanza iwe kwenye maktaba ya mkoa. Nenda na barua ya mtendaji wa kata, vipimo vya chumba na idadi ya vitabu ulivyonavyo. Omba mambo mawili: mtaalamu wa kukutembelea, na nafasi ya mhudumu wako kukaa kwao siku chache akijifunza kwa vitendo. Anayetaka mafunzo marefu kuna chuo cha ukutubi cha Bodi hiyo kilichopo Bagamoyo.

Kuhusu chumba, adui wa huku kwetu ni unyevu. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Tukuyu hunyesha karibu mwaka mzima. Kisha Juni hadi Agosti baridi ya Njombe na Makete huwafanya watu wafunge madirisha kutwa, hewa ikakosa kupita. Ukungu hustawi hewa inapokuwa nzito na tulivu. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta, hasa ukuta wa nje. Rafu ya chini kabisa iinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni ili maji ya kudekia na mchwa visiifikie. Vitabu visibanane kiasi cha kumfanya msomaji avute kwa kucha. Fungua madirisha saa za adhuhuri hewa inapokuwa imekauka, si asubuhi yenye ukungu. Kitabu kilichoota ukungu kitenganishwe na vingine, kikaushwe kivulini penye upepo, kisha kifutwe nje ya jengo kwa brashi laini, na anayekifuta afunike pua na mdomo.

Hatua ya tatu: ingiza kila kitabu kwenye rejista na ukipe mahali pake

Kila kitabu kipewe namba ya ingizo inayofuatana, isiyorudiwa hata kitabu kikipotea, na namba hiyo iandikwe katika rejista pamoja na mwandishi, jina la kitabu, mwaka wa kuchapwa, kilikotoka na tarehe kilipoingia. Gonga muhuri wa maktaba kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa ndani ambao wewe utauchagua na kuufuata kwa vitabu vyote. Wenye kompyuta wanaweza kutumia jedwali la kawaida, na maktaba kubwa zaidi inaweza kufikiria Koha, programu ya bure ya kompyuta ya kuendeshea maktaba iliyobuniwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Hata hivyo, rejista ya karatasi isiachwe. Umeme hukatika, kompyuta hufa, na mrithi wako huenda asijue neno la siri.

Kwa upangaji, maktaba za Bodi hutumia mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza 1876, unaogawa maarifa yote katika makundi kumi kuanzia 000 hadi 900. Maktaba yenye vitabu visivyofika elfu mbili haihitaji namba ndefu. Tarakimu tatu zinatosha karibu kila mahali. Kilimo ni 630, mifugo 636, nyuki 638, afya na tiba 610, sheria 340. Historia ya Tanzania ina namba yake, 967.8, ambayo inafaa kuandikwa kamili kwa sababu vitabu vyake vitakuwa vingi.

Ugumu unakuja kwenye fasihi. Mfumo huo ulitungwa na watu waliokuwa na Kiingereza akilini, hivyo fasihi yetu yote ya Kiswahili imebanwa katika namba moja, 896.392, wakati kwenye maktaba ya kata hiyo ndiyo sehemu inayotembelewa kuliko zote. Ukiwawekea wasomaji rafu tano mfululizo zenye namba ileile, hawataona mwanzo wala mwisho. Ushauri wangu ni kuiweka namba hiyo kwenye rejista peke yake, na kwenye mgongo wa kitabu uandike herufi: R kwa riwaya, T kwa tamthilia, U kwa ushairi, H kwa hadithi fupi na W kwa vitabu vya watoto, ikifuatiwa na herufi tatu za jina la mwisho la mwandishi. Wataalamu wengine wataliona hilo kuwa ukiukaji. Mtoto wa darasa la tano atakipata kitabu bila kumuuliza mtu.

Hatua ya nne: ondoa kabla hujaongeza

Wasimamizi wengi wanaogopa kuondoa kitabu, na hofu hiyo inaeleweka mahali ambapo vitabu ni haba. Lakini rafu iliyojaa vitabu vilivyopitwa na wakati humficha msomaji kile kizuri kilichomo, na vitabu vingine humdhuru. Mfano ulio wazi ni wa malaria. Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Kitabu cha afya ya familia kilichochapwa 1990, chenye picha nzuri na lugha nyepesi, kinamwelekeza mama wa Kyela kumpa mtoto dawa iliyoachwa kwa sababu vimelea viliizoea. Kitabu hicho kisipewe shule, kisiuzwe, kisiwekwe kwenye boksi la «chukua bure». Kipelekwe kwa wauza maandazi wakafungie, baada ya kuchanwa jalada.

Pitia rafu moja kwa wiki, na uangalie mambo yafuatayo kwa kila fungu. Katika afya, kitabu chochote kilichozidi miaka kumi kipitiwe na muuguzi au mganga wa zahanati kabla ya kurudi rafuni. Katika kilimo, kumbuka kwamba kantangaze aliingia nchini 2014 na viwavijeshi vamizi wa mahindi 2017, hivyo kitabu cha nyanya au mahindi cha kabla ya miaka hiyo kinaweza kubaki kwa ajili ya udongo, mbegu na nafasi za kupanda, ila kibandikwe karatasi ndogo ndani ya jalada inayomwambia msomaji kwamba wadudu hao hawamo. Ramani zinazoonyesha Njombe ikiwa ndani ya Iringa ni za kabla ya 2012, zinazoonyesha Songwe ikiwa ndani ya Mbeya ni za kabla ya 2016, na atlasi isiyo na Sudan Kusini ni ya kabla ya 2011. Vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani navyo vishughulikiwe, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, na mwanafunzi anayejisomea peke yake hawezi kujua kwamba anachokisoma si kile kitakachotahiniwa.

Fasihi ina kanuni nyingine kabisa. Riwaya haipitwi na wakati kwa umri. Inaondolewa ikichakaa kiasi cha kutosomeka, na kama ni nzuri hununuliwa nakala nyingine. Vitabu vinavyohusu historia na lugha za eneo lenu, hata kijitabu cha kurasa ishirini kilichochapwa na parokia, visiondolewe kamwe, kwa kuwa huenda nakala hiyo ndiyo iliyobaki.

Kitabu kinachoondolewa hakitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja. Andika orodha, iwasilishe kwenye kamati ya maktaba, weka azimio katika muhtasari, kisha kata mstari mwekundu kwenye namba ya ingizo na gonga «IMEONDOLEWA» kwenye ukurasa wa jina. Ikiwa vitabu ni mali ya halmashauri au shule, fuata utaratibu wao wa kuondoa mali ya umma, hata kama ni mrefu.

Hatua ya tano: leta vitabu vipya kwa kufuata ukurasa wa nyuma

Sasa rudi kwenye ukurasa wa «Ya kutafutiwa» na ulinganishe na fedha zilizopo. Napendekeza kila shilingi 100,000 igawanywe hivi: 40,000 kwa maswali ya daftarini, 30,000 kwa watoto wanaoanza kusoma, 20,000 kwa fasihi, na 10,000 kwa gundi, uzi, karatasi za kufunikia na lebo. Fungu la mwisho ndilo la kwanza kukatwa fedha zinapopungua, na kulikata ni hasara, kwa sababu kitabu cha watoto kisichofunikwa karatasi ngumu hakimalizi mwaka.

Si kila swali linahitaji kitabu cha kununuliwa. Maswali ya viazi, maharage na mahindi yaandikie barua na uyapeleke kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, au mwombe afisa ugani wa kata akutafutie vipeperushi; vikusanye katika faili lenye kichwa kikubwa na uliweke kwenye rafu ya 630 kama kitabu kingine chochote. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania husomwa pia kupitia maktaba mtandao ya taasisi hiyo, hivyo simu moja yenye intaneti mezani kwa mhudumu inaweza kumwokoa mwanafunzi. Kwa watoto wadogo, mkusanyo wa mtandaoni wa African Storybook una hadithi fupi zenye picha, nyingi zikiwa katika Kiswahili, ambazo leseni yake inaruhusu kuzichapa. Zichape, zishone kwa uzi katikati, zifunike kwa karatasi ya manila. Tahadhari: ruhusa hiyo ni ya vitabu vyenye leseni huria pekee. Kutoa nakala ya kitabu kizima cha mwandishi wa Kitanzania kwenye mashine ya fotokopi ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na pia ni kumnyima riziki mtu ambaye tunatamani aandike zaidi.

Kwa fasihi mpya, fuatilia washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambao hutangazwa mwezi Aprili, na katalogi za wachapishaji wa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umesaidia kuzalisha vitabu vingi vya Kiswahili vya umri wa shule ya msingi, na walimu wakongwe wa wilaya yako watakutajia vile ambavyo watoto waliving'ang'ania.

Misaada ya vitabu kutoka nje inahitaji moyo mgumu kidogo. Mtu anayekupa maboksi thelathini ya vitabu kutoka Ulaya au Marekani anakupa pia kazi ya kuvipanga, mahali pa kuviweka na aibu ya kuviondoa. Mwandikie mapema barua ya heshima yenye mambo matatu: orodha ya mada mnazozihitaji, sharti kwamba maktaba ina hiari ya kukataa au kugawa kile isichokihitaji, na ombi kwamba, ikiwezekana, fedha za usafirishaji zitumike kununulia vitabu vya Kiswahili hapahapa nchini. Mfadhili mwenye nia njema hatachukia.

Hatua ya sita: panga programu kwa kalenda ya shamba na ya shule

Programu iliyowekwa wakati usiofaa hufeli hata iwe nzuri namna gani. Kuanzia Novemba hadi Machi watu wazima wako shambani, wakilima, wakipanda na kupalilia, kwa hiyo usiwaandalie semina ya siku nzima. Wakati huo ni wa watoto na wa watahiniwa. Baada ya mavuno ya mahindi, kati ya Julai na Septemba, wakulima wana nafasi na fedha kidogo mfukoni. Huo ndio msimu wa programu za watu wazima, na ndio msimu wa Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ambako meza yenye faili lako la vipeperushi inaweza kukuletea maswali mengi kuliko miezi ya kukaa ukingoja.

Programu ya kwanza, na ambayo nisingeiacha hata zote nyingine zikifutwa, ni kusomea watoto kwa sauti kila Jumamosi asubuhi. Inahitaji mtu mmoja anayesoma vizuri, mkeka, na kitabu kimoja. Watoto wa miaka minne hadi minane wasizidi ishirini na tano kwa msomaji mmoja. Kikao kisizidi dakika arobaini. Msomaji akisome kitabu nyumbani kabla, ajue mahali pa kusitisha na kuuliza «mnadhani atafanya nini sasa?». Akimaliza, watoto wakimbilie kitabu hichohicho wakishike, hivyo nakala zaidi ya moja zinafaa. Mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kinyakyusa, Kihehe au Kikinga asikatazwe kujibu kwa lugha hiyo; bibi mmoja wa mtaa akialikwa kila mwezi kutambia hadithi kwa lugha ya nyumbani, kisha hadithi hiyohiyo ikasimuliwa kwa Kiswahili, watoto hupata njia ya kuvukia.

Kuanzia Agosti, darasa la saba wakikaribia mtihani wa Septemba na kidato cha nne wakikaribia ule wa Novemba, ongeza saa za jioni. Hapa maktaba itoe utulivu na taa, pamoja na orodha ya mitihani iliyopita iliyofungwa vizuri kwenye mafaili. Usijaribu kugeuza maktaba kuwa darasa la masomo ya ziada. Ukifanya hivyo wazee na wakulima watahisi kwamba si mahali pao, na kuwarudisha ni kazi ya miaka.

Kwa watu wazima, chukua swali moja kutoka ukurasa wa nyuma na ulijengee kikao cha saa mbili. Kikao cha mirathi kinahitaji mwanasheria au mtumishi wa mahakama ya mwanzo, mwenyekiti wa mtaa, na nakala kadhaa za vitabu husika mezani. Mzungumzaji apewe nusu saa, maswali yapewe saa nzima, na nusu saa ya mwisho watu waonyeshwe kurasa zenyewe: mahali penye jibu, namba ya rafu, na namna ya kuazima. Kikao kinachomalizika bila mtu kuondoka na kitabu kilikuwa mkutano wa kawaida, na mikutano kata ina ya kutosha.

Vijiji vya mbali vipelekewe sanduku. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, vijiji vilipata maktaba ndogo ili waliokwisha kujifunza kusoma wasisahau, na wazo hilo bado lina nguvu. Sanduku la bati lenye vitabu arobaini, daftari la kuazimia na funguo mbili hukabidhiwa kwa mwalimu au mtendaji wa kijiji, hukaa miezi mitatu, kisha hubadilishana na la kijiji kingine. Ndani ya kila sanduku liwemo pia daftari dogo la waliokosa.

Siku za maadhimisho zitumie kwa kiasi. 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, inayofaa mashindano ya kughani mashairi. 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Mbili zinatosha kwa mwaka.

Hatua ya saba: pendekeza kitabu kwa mtu, si kwa umma

Orodha ya vitabu mia bora haimsaidii kijana aliyesimama mlangoni na kusema, «Mama, nipe kitabu kizuri.» Mhudumu amuulize kitabu cha mwisho alichokimaliza, alichokipenda ndani yake, na kama anataka cha kumaliza usiku mmoja au cha kukaa nacho. Kijana wa Songea aliyependa habari za vita vya mababu apewe «Kinjeketile», tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapwa 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji, ambavyo vilipiganwa hadi kwao. Anayeogopa kitabu kinene apewe «Kusadikika» ya Shaaban Robert ya 1951, fupi na kali, yenye mshtakiwa anayejitetea mbele ya wakubwa wa nchi ya kubuni. Msomaji mzoefu anayeuliza kuna nini kipya apelekwe kwenye «Peponi», tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo aliyezaliwa Zanzibar kupata tuzo ya Nobel. Safari ya msafara wa biashara kwenda bara iliyomo humo huwapa wasomaji wa bara mengi ya kubishania.

Kitabu kikirudi, muulize msomaji neno moja tu: alikimaliza? Aliyeishia katikati asilazimishwe kujieleza. Mpe kingine cha namna tofauti. Wanaopenda kuzungumzia walichosoma wape kadi ndogo waandike mistari miwili, na kadi hiyo ichomekwe ndani ya kitabu kwa ajili ya anayefuata. Pendekezo la fundi cherehani wa mtaani lina uzito kuliko la mkutubi.

Tangazo la vitabu vipya litoke kila mwezi, ukurasa mmoja, vitabu visivyozidi kumi. Kila kimoja kiwe na jina, mwandishi, mwaka, mahali kilipo rafuni, na sentensi moja inayomtaja atakayefaidika nacho, kwa mfano: «Kwa anayefuga nyuki kwa mizinga ya kienyeji na anataka kuhamia ya kisasa.» Libandikwe ofisi ya kata, zahanati na sokoni, lisomwe kwenye matangazo ya kanisani na msikitini, litumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa likiwa maandishi ya kawaida, kwa kuwa picha nzito hula bando na wengi hawataifungua. Swali la daftarini lililopata kitabu liongoze tangazo: «Mliuliza kuhusu mnyauko wa viazi, kitabu kimefika, rafu ya 630.»

Hatua ya nane: tunza siri za wasomaji, kisha toa taarifa

Daftari la kuazima ni la mhudumu pekee. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa ile yenye maambukizi makubwa ya virusi vya UKIMWI nchini, na mtu anayeazima kitabu kuhusu dawa za kufubaza virusi hatakirudia kama daftari liko wazi mezani kwa kila anayesaini. Vivyo hivyo mke anayesoma habari za talaka, au ndugu anayesoma mirathi kabla ya kikao cha ukoo. Tumia kadi ya kila msomaji iliyo kwenye boksi lenye kufuli, na kitabu kikirudi kata mstari kiasi kwamba jina la kitabu hicho halisomeki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihusu taasisi zinazokusanya taarifa za watu, na maktaba ni mojawapo. Mume, mzazi wa mtu mzima au kiongozi akiuliza fulani ameazima nini, jibu la mhudumu ni moja kwa wote: taarifa hizo hazitolewi.

Taarifa kwa kamati ya maendeleo ya kata iwe ya kurasa mbili. Idadi ya walioingia haitoshi, kwani mwanafunzi aliyekuja kuchaji simu naye huhesabiwa. Andika vitabu vilivyoazimwa kwa kila fungu, vilivyoondolewa na sababu, programu zilizofanyika na waliohudhuria, kisha maswali kumi yaliyorudiwa zaidi bila kupata jibu, yakiwa na makadirio ya gharama ya kila moja. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na mipango ya bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla yake, hivyo taarifa ikabidhiwe kwa mtendaji wa kata ifikapo Novemba, nakala moja ikienda kwa afisa elimu kata na nyingine kwenye maktaba ya mkoa. Diwani aelezwe ana kwa ana kabla ya kikao, apewe ukurasa wa maswali kumi peke yake, maana ndio atakaoweza kuusoma kikaoni bila kuhitaji maelezo ya mtu mwingine.